Takwimu bima pamoja na fedha: shahada moja au nusu mbili?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Nimepata nafasi chuo kikuu katika programu mbili na natakiwa kuamua karibuni. Moja ni takwimu bima peke yake, nyingine ni takwimu bima pamoja na fedha. Hisabati naipenda na naiweza. Hofu yangu ni kwamba hiyo ya pili itanifanya nusu mtakwimu bima na nusu mtu wa fedha, halafu waajiri wa pande zote mbili wasinitake. Kaka yangu anasema masomo ya fedha yanampotezea muda mtu anayetaka kufanya mitihani ya kitaaluma. Je, ni kweli? Na hiyo mitihani yenyewe nianze lini?"

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakupa msimamo wangu kwanza, sababu zitafuata. Chagua ile ya pamoja, kwa sharti moja: fedha isiwe imeingizwa kwa kuiondoa hisabati. Hapo chini nitakueleza jinsi ya kulichunguza sharti hilo, kwa sababu ndilo linaloamua. Kaka yako ameona jambo la kweli kuhusu baadhi ya programu, lakini kuhusu kazi yenyewe hajapata picha kamili.

Tuanze na kazi ya mtakwimu bima, yaani kukokotoa gharama na hatari za ahadi za bima na pensheni. Chukua ahadi iliyo rahisi kuliko zote. Kampuni ya bima inamwahidi mtu kwamba akiwa hai baada ya miaka 20 itamlipa milioni moja, na akifariki kabla ya hapo haitalipa kitu. Tuseme uwezekano wa kuwa hai ni asilimia 90, na fedha iliyowekezwa inakua kwa asilimia 5 kila mwaka. Ili upate milioni moja baada ya miaka 20 unahitaji leo kama 376,900. Zidisha kwa 0.9, unapata takriban 339,200. Hiyo ndiyo thamani ya ahadi, kabla hujaweka gharama za uendeshaji na faida.

Sasa badilisha dhana moja baada ya nyingine. Tuseme watu wameishi kuliko ulivyotarajia, waliobaki hai ni asilimia 93 badala ya 90. Thamani inapanda hadi 350,500 hivi, ongezeko la asilimia 3 na ushei. Rudisha 90 mahali pake, kisha shusha riba kutoka asilimia 5 hadi 3. Thamani inaruka hadi 498,300. Ni ongezeko la karibu asilimia 47, na hakuna hata mtu mmoja aliyeishi siku moja zaidi. Fanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu kabla hujaendelea kusoma, kisha ubadilishe miaka 20 iwe 40 uone kinachotokea.

Lipo jambo zito kuliko ukubwa wa namba hizo. Ukiuza ahadi ile kwa watu 100, unatarajia 90 wawe hai, na mkengeuko sanifu, kipimo cha kawaida cha kupishana na matarajio, ni watu 3, yaani kama asilimia 3.3 ya hao 90. Ukiuza kwa watu 10,000, unatarajia 9,000, na mkengeuko sanifu ni watu 30, yaani theluthi moja tu ya asilimia moja. Wingi unameza bahati ya mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo bima inapopata uwezo wake. Riba haina tabia hiyo. Ikishuka, imeshuka kwa ahadi zote 10,000 siku ileile. Kuongeza wateja hakuipunguzi hatari hiyo hata chembe, kunaikuza. Hata umri wa kuishi una upande wa namna hii: matibabu yakiboreka na kizazi kizima kikaishi zaidi ya majedwali ya vifo yalivyosema, wingi wa wateja haukuokoi, kwa maana wote wameelekea upande mmoja.

Kwa hiyo kuna hatari zinazoyeyuka kwenye wingi na kuna zisizoyeyuka. Za kwanza unazishughulikia kwa takwimu na idadi ya wateja. Za pili unazishughulikia kwa mtaji, kwa kupanga uwekezaji, kwa mikataba ya kuhamisha hatari, na kwa bei inayotambua kwamba hatari ipo. Zana za kundi la kwanza utafundishwa chini ya jina la takwimu bima, na nyingi za kundi la pili utafundishwa chini ya jina la fedha. Ahadi yenyewe haikugawanywa hivyo. Mgawanyo umo kwenye ratiba za vyuo tu.

Na zamani haukuwepo. Mwaka 1693 Edmond Halley, mwanaastronomia ambaye jina lake limebaki kwenye nyotamkia, alichapisha jedwali la vifo alilolijenga kutokana na kumbukumbu za kuzaliwa na kufa katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław, Poland. Hakuishia kwenye vifo. Katika makala ileile alikokotoa bei ya malipo ya kila mwaka ambayo mtu angepokea maisha yake yote, kwa kuzidisha uwezekano wa kuwa hai na thamani ya sasa ya fedha kwa riba ya asilimia 6. Uhai na riba vilikuwa kwenye mstari mmoja wa hesabu. Kilichovitenganisha ni mazoea yaliyofuata. Kwa zaidi ya karne mbili riba ilichukuliwa kama namba moja isiyobadilika, inayoandikwa juu ya ukurasa kabla kazi haijaanza, na akili yote ikapelekwa kwenye vifo. Benjamin Gompertz alipoandika mwaka 1825 kwamba kasi ya kufa kwa watu wazima huongezeka kwa uwiano kadiri umri unavyosonga, alitoa kanuni ambayo utaisoma na kuitumia hadi leo. Kuhusu mwendo wa riba, hapakuwa na kanuni ya kufanana nayo.

Daraja lilianza kujengwa tena karne ya 20, na kuna mwaka mmoja ninaoupenda kuwasomesha wanafunzi: 1952. Mwaka huo mtakwimu bima wa Uingereza, Frank Redington, alionyesha jinsi kampuni ya bima inavyoweza kujikinga na mabadiliko madogo ya riba kwa kupanga mali zake zilingane na madeni yake. Wastani wa muda wa malipo, ukipimwa kwa uzito wa thamani, uwe sawa pande zote mbili, na malipo ya upande wa mali yawe yametawanyika zaidi kuzunguka wastani huo. Riba ikipanda au ikishuka kidogo, pande zote mbili za mizania zinasogea pamoja. Mwaka huohuo Harry Markowitz, Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba hatari ya uwekezaji mmoja haipimwi peke yake, hupimwa kwa namna unavyotembea pamoja na uwekezaji mwingine ulio nao. Redington aliwaandikia watu wa bima, Markowitz aliwaandikia watu wa fedha, na kwa miaka mingi wanafunzi wa upande mmoja waliweza kuhitimu bila kumsikia wa upande wa pili. Katika programu nzuri ya pamoja utawasoma katika muhula mmoja, na utaona kwamba walichokuwa wakikisoma wote wawili ni jinsi vitu viwili vinavyosogea pamoja.

Mwaka 1973 ikaja kanuni ya Fischer Black, Myron Scholes na Robert Merton ya kukokotoa bei ya opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyowekwa mapema. Mwaka 1987 Hans Bühlmann, mwanahisabati wa bima wa Uswisi, aliandika kuhusu watakwimu bima wa aina ya tatu. Wa kwanza walikuwa wale wa bima ya maisha na majedwali yao, wa pili wale wa bima za mali na ajali na nadharia yao ya uwezekano, na wa tatu wale wanaopeleka nadharia ya uwezekano upande wa uwekezaji pia. Programu unayoiulizia, ikiwa imepangwa vizuri, imekusudiwa kumtoa mtu wa aina hiyo ya tatu.

Labda utaniuliza kama haya yana uzito wowote nje ya darasa. Equitable Life ya London ilianzishwa mwaka 1762 na ilikuwa kampuni ya kwanza kuuza bima ya maisha kwa misingi ya kisayansi, kwa ada inayotokana na umri wa mtu. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1988 iliuza mikataba ya pensheni yenye kipengele kilichoonekana kidogo: mteja akifika umri wa kustaafu, akitaka, angeweza kubadilisha akiba yake kuwa malipo ya kila mwaka kwa kiwango kilichohakikishwa tangu mwanzo. Miaka ambayo riba ilikuwa juu, kipengele hicho hakikuwa na maana kwa sababu soko lilitoa zaidi ya kile kilichohakikishwa. Miaka ya 1990 riba ikashuka, na watu wakawa wanaishi zaidi ya majedwali ya zamani. Haki ile ikageuka kuwa ghali mno. Kampuni ikajaribu kujinasua kwa kuwapunguzia gawio la mwisho wale walioitumia haki yao, shauri likafika mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na Julai 2000 kampuni ikashindwa. Desemba mwaka huohuo ilifunga milango kwa wateja wapya, baada ya zaidi ya karne mbili.

Kitazame kile kipengele kwa macho ya mtu wa fedha: ni opsheni. Mteja ana haki na hana wajibu. Ataitumia pale tu itakapomfaa, na kitakapomfaa yeye kitakuwa hasara kwa kampuni. Kitazame kwa macho ya mtakwimu bima: thamani yake inategemea ni wangapi watafika umri wa kustaafu na wataishi muda gani baada ya hapo. Mtu wa fedha peke yake angeikosea sehemu ya uhai. Mtakwimu bima wa kizamani peke yake angeiona ahadi isiyo na gharama kwa sababu leo haina faida kwa mteja, ilhali opsheni isiyo na faida leo bado ina thamani madhali muda upo. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na kaka yako kwamba fedha ni kupoteza muda. Japani nako, kati ya 1997 na 2001, kampuni 7 za bima ya maisha zilianguka, na mzigo mkubwa uliozielemea ulikuwa ahadi za kiwango cha juu cha mapato walizozitoa nyakati ambazo riba ilikuwa juu.

Faida inakwenda njia zote mbili, na upande wa pili nao una mfano wake wa kuumiza. Mwaka 2000 David X. Li, mtu aliyesoma pia takwimu bima, alichapisha njia ya kupima uwezekano wa wakopaji wengi kushindwa kulipa kwa pamoja. Aliuchukulia muda wa mkopaji kushindwa kulipa kama muda wa mtu kufariki, na akaunganisha muda wa mmoja na wa mwingine kwa zana ya takwimu iitwayo kopula. Wazo lilikuwa na mizizi kwenye bima, ambako inajulikana kwamba mume akifariki uwezekano wa mke kufariki hupanda, na vivyo hivyo kinyume chake. Masoko yaliipokea njia hiyo kwa pupa kwa kukadiria bei za mafungu ya mikopo. Lakini majedwali ya vifo yamejengwa juu ya mamilioni ya watu kwa miongo mingi, na mikopo ile haikuwa na historia ya namna hiyo. Tena kopula iliyotumika ina sifa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuithibitisha: katika hali mbaya kupindukia, uhusiano kati ya vitu viwili hufifia hadi kutoweka, wakati katika msukosuko wa kweli uhusiano huo ndio hukaza. Mgogoro wa 2008 ulikuwa na sababu nyingi, na sitaki uamini kwamba hesabu moja ndiyo iliyouleta. Hata hivyo, mtu aliyefundishwa kuuliza "data hii inatosha kubeba dhana hii?" anahitajika sana kwenye chumba cha watu wa fedha, na swali hilo ndilo takwimu bima inalokufundisha kuliko fani nyingi ninazozijua.

Nitakaa kidogo kwenye jambo moja la ndani, kwa sababu ndilo litakalokutatiza ukifika mwaka wa pili au wa tatu, na walimu wengi hulipita haraka. Utakutana na uwezekano wa aina mbili. Darasa la bima litakufundisha uwezekano wa mambo yanavyotokea kweli: watu wangapi kati ya 1,000 wa umri wa miaka 60 hufariki ndani ya mwaka. Darasa la opsheni litakufundisha uwezekano mwingine, ambao hauelezi mambo yatakavyotokea. Umetokana na bei za soko, umepangwa hivi kwamba kila mali inakua kwa riba isiyo na hatari, na kazi yake ni kutoa bei zisizopingana. Wanafunzi huvichanganya hivi viwili na kupata majibu yasiyo na maana. Ukitaka kujua kampuni itahitaji fedha kiasi gani mwaka ujao, tumia uwezekano wa kweli. Ukitaka bei ya ahadi inayoweza kuigwa kwa kununua na kuuza mali sokoni, tumia ule wa soko. Ahadi kama ile ya Equitable Life inahitaji vyote viwili ndani ya hesabu moja: wa kweli kwa uhai, kwa sababu uhai wa watu hauna soko la kutosha la kuupa bei, na wa soko kwa riba. Ukilielewa hili vizuri, umeshapata sehemu kubwa ya kile ambacho programu ya pamoja inakupa na ile nyingine haikupi.

Linafuatana na swali la riba ya kupunguzia thamani, ambalo limewagawa wataalamu wa pensheni kwa muda mrefu. Mfuko una deni la kulipa wastaafu kwa miaka 40 ijayo. Utumie riba gani kulipima deni hilo leo? Desturi ya zamani ilikuwa kutumia mapato unayotarajia kutoka kwenye mali za mfuko. Angalia matokeo yake: mfuko ukiuza hatifungani za serikali na kununua hisa, mapato yanayotarajiwa yanapanda, na deni kwenye karatasi linapungua siku ileile, ilhali wastaafu ni walewale na kiasi walichoahidiwa ni kilekile. Nadharia ya fedha inalikataa jambo hili, nami naungana nayo kabisa. Ulichowekeza ndani yake hakipunguzi unachodaiwa. Wapo watakwimu bima wanaotetea desturi ile kwa hoja kwamba mfuko wa muda mrefu una subira ya kungoja hisa zipande. Subira ni nzuri, ila haiondoi hatari, inaihamishia kwa mtu mwingine: mwajiri, mfanyakazi kijana, au mlipa kodi.

Na usidhani mtu wa fedha akiingia kila kitu kinatulia. Septemba 2022 mifuko mingi ya pensheni ya Uingereza ilikuwa imejikinga dhidi ya riba kushuka kwa mikataba inayodai dhamana ya fedha taslimu pale riba inapopanda. Riba za hatifungani za muda mrefu zikapaa ndani ya siku chache. Ukitazama madeni yao ya muda mrefu, hali ilikuwa imekuwa bora, kwa sababu riba ikipanda thamani ya deni hupungua. Lakini wenye mikataba walitaka dhamana mara moja, mifuko ikaanza kuuza hatifungani kuipata, mauzo yakashusha bei zaidi, na tarehe 28 Septemba Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kununua. Thamani kwenye mizania na fedha mkononi ni vitu viwili, na somo la fedha linalofundishwa vizuri hukaa kwenye tofauti hiyo kwa wiki kadhaa.

Sasa sharti langu. Chukua orodha za masomo za programu zote mbili, ziweke kando kwa kando, na uulize ni somo gani limeondoka ili fedha ipate nafasi. Yapo ambayo kuondoka kwake hakunisumbui hata kidogo. Yapo mengine ambayo yasipokuwepo, iache hiyo programu hata kama jina lake linavutia. Nadharia ya uwezekano na takwimu za kihisabati zichukue walau mwaka mzima, na kalkulasi ya vigeu vingi iwe imezitangulia. Lazima pawe na somo la modeli za uhai na lingine la hisabati ya bima ya maisha. Lazima pawe na michakato nasibu, yaani hisabati ya mambo yanayobadilika kwa bahati kadiri muda unavyokwenda, maana humo ndimo upande wa bima na upande wa fedha vinapozungumza lugha moja. Mnyororo wa Markov, modeli ya kitu kinachohama kutoka hali moja hadi nyingine, utautumia kwa mgonjwa anayetoka hali ya afya kwenda ugonjwa, kisha kwa hatifungani inayoshuka daraja. Upande wa fedha, tafuta hisabati ya riba, nadharia ya uwekezaji, opsheni zinazofundishwa kwa uthibitisho wa kihisabati, na uhasibu wa kutosha kukuwezesha kusoma mizania ya kampuni ya bima. Ukiona upande wa fedha umejaa utafutaji wa masoko, uongozi na mbinu za biashara, hayo ni masomo ya heshima ila si yaliyokupeleka pale, na katika hali hiyo kaka yako atakuwa amesema kweli.

Uandishi wa programu za kompyuta pia uwepo, na usiishie kwenye lahajedwali. R au Python, yoyote kati ya hizo inatosha kuanzia. Ukishajua moja, kamilisha kazi hii: tengeneza njia 10,000 za riba kwa miaka 30, uzipitishe kwenye mkataba mmoja wa pensheni wenye uhakikisho, kisha utazame mkia wa matokeo, yaani yale mabaya yasiyotokea mara nyingi, badala ya wastani. Kanuni za mtaji za bima za Ulaya, zinazotumika tangu Januari 2016, zinaitaka kampuni iwe na mtaji wa kustahimili mwaka mbaya ambao uwezekano wake ni 1 kati ya 200. Huwezi kulielewa sharti hilo kwa kusoma tu. Ukiliona likitoka kwenye programu uliyoiandika kwa mkono wako, linakaa.

Kuna wasiofaa kuchagua programu ya pamoja, nami sitaki kukuficha. Ukitaka bima za magari, moto na ajali, madai mengi hulipwa ndani ya muda mfupi, kwa hiyo riba haina nguvu kubwa kama kwenye maisha na pensheni. Huko wanahitaji takwimu za kina, hasa modeli za kukadiria idadi na ukubwa wa madai kwa makundi ya wateja, na programu ya takwimu bima peke yake yenye takwimu nyingi itakufaa zaidi. Ukitaka kuchambua kampuni na kuchagua hisa, hisabati ya uhai itakuwa safari ndefu isiyo ya lazima, na shahada ya fedha ikifuatiwa na ngazi tatu za mitihani ya CFA, sifa ya kitaaluma ya wachambuzi wa uwekezaji, ni njia fupi. Ukitaka kujenga modeli za bei katika benki za uwekezaji, hisabati tupu pamoja na kompyuta hupewa uzito zaidi. Ya pamoja inang'aa pale mali na madeni yanapokutana: bima ya maisha, mifuko ya pensheni, bima mtawanyo (bima ambayo kampuni za bima zenyewe hununua), idara za kusimamia vihatarishi, na mamlaka zinazozisimamia kampuni hizi. Kwa waajiri wa aina hiyo hutakuwa nusu ya chochote. Wanatafuta mtu anayeweza kuketi na timu ya uwekezaji asubuhi na timu ya ukokotoaji wa madeni mchana, akaelewa zote mbili, na watu hao hawajawahi kuwa wengi.

Mitihani sasa. Kuhitimu chuo hakukufanyi mtakwimu bima mwenye sifa kamili. Sifa hiyo hutolewa na vyama vya taaluma, na kuipata huchukua miaka kadhaa, mingi yake ukiwa tayari kazini. Katika mfumo wa chama cha Uingereza, IFoA, mtihani wa CM1 unabeba hisabati ya bima na CM2 unabeba modeli za kiuchumi na za kifedha, zikiwemo bei za opsheni. Yaani fedha imo ndani ya mitihani ileile ambayo kaka yako anasema fedha itakupotezea muda wake. Katika mfumo wa Society of Actuaries ya Marekani, milango ya kwanza ni P, wa nadharia ya uwezekano, na FM, wa hisabati ya fedha.

Kabla hujathibitisha nafasi, uliza chuo kwa maandishi: je, programu imetambuliwa na chama chochote cha taaluma, kwa masomo yapi, na kwa alama ipi? Utambulisho huo hukuondolea baadhi ya mitihani ya awali, lakini alama ya kufaulu tu darasani mara nyingi haitoshi, na masomo ya hiari unayoyachagua yanaweza kukupa msamaha au kukunyima. Wapo waliogundua wakati wa kuhitimu kwamba somo moja waliloliacha ndilo lililobeba msamaha wote. Uliza pia kama utambulisho ni wa programu ya pamoja yenyewe au ni wa ile nyingine tu. Majina yanafanana, na hati hazifanani.

Kuhusu wakati wa kuanza, usikimbilie mwaka wa kwanza. Uwekeze mwaka huo kwenye kalkulasi na uwezekano hadi uweze kuthibitisha unachokitumia, maana aliyekariri kanuni atafaulu P kisha akwame mbele. Mwisho wa mwaka wa pili ukimaliza nadharia ya uwezekano, fanya mtihani wa P mara baada ya muhula, somo likiwa bado moto kichwani. FM hufuata vizuri baada ya hisabati ya riba. Wanafunzi wa mfumo huo wamezoea kujipimia saa 100 za kujisomea kwa kila saa ya mtihani, na P ni wa saa tatu, kwa hiyo panga likizo yako ukijua hilo. Ukiwa kwenye chuo kinachotoa misamaha ya IFoA, usilipie mtihani ambao darasa linaweza kukusamehe. Tumia nguvu hizo kupata alama za juu katika masomo yenye msamaha, na kipindi cha likizo tafuta nafasi ya mafunzo kazini, hata ya muda mfupi, kwenye idara inayokokotoa madeni ya kampuni ya bima au ya mfuko wa pensheni.

Niandikie ukishapata zile orodha mbili za masomo. Ziambatanishe kama zilivyo, pamoja na jibu la chuo kuhusu utambulisho, tutazipitia somo kwa somo.